Nilivyoibia Kipimo cha Mapafu

Niliibia kipimo cha mapafu. Najua mtu mwenye akili zake haibii kipimo cha hospitali, maana anayedanganywa mwishoni ni yeye mwenyewe. Lakini mimi niliishia kidato cha nne, na katika yote niliyofundishwa, lililobaki kichwani ni hili: ukisikia una mtihani, tafuta namna ya kufaulu.

Karatasi ya miadi ilikuwa wazi. Asubuhi ya kipimo nisile nikashiba sana, nisivae nguo ya kubana, na nisitumie dawa yoyote ya kuvuta ya kufungua kifua. Nilipofika hapo mwisho nikacheka peke yangu juu ya cherehani. Mtihani ukikataza kitu, ujue kitu hicho kinasaidia.

Mimi ni fundi nguo, na kazi naifanyia barazani kwangu hapa Ifakara. Watu huniuliza kama sina hamu ya kwenda popote. Sina. Daraja la pale Kivukoni lilipoanza kutumika, mtaa mzima ulikwenda kulikanyaga. Mimi nililikanyaga baadaye sana, tena kwa sababu ya msiba.

Mwaka huu nilifikisha umri aliokuwa nao baba yangu alipoanza kukohoa. Baba alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga miaka yote, akila vumbi la pumba kutwa, na kifua ndicho kilichomwondoa. Basi mchana mmoja nilikuwa nashona kola ya shati la shule, nikajiuliza: hivi mimi napumua sawasawa? Swali baya sana hilo. Pumzi ni kama mgeni anayekula vizuri mpaka umkodolee macho. Nikaanza kuihesabu. Nikavuta moja kubwa ya kuhakikisha, nikaona haikushuka hadi chini. Nikavuta nyingine, na nyingine. Midomo ikafa ganzi, vidole vikachomachoma, na kola ile nikaishona kwenye mfuko.

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa. Kila siku nilimwona baba kifuani mwangu, na kila siku nilivuta hewa kubwa kubwa kumtafuta, mpaka nikaenda hospitali wakaniandikia kipimo.

Sitaficha kwamba ugonjwa ulinijia wakati mzuri. Mpunga ulikuwa umeanza kujaza maziwa, na huo ndio msimu wa kuamia, kufukuza ndege wasiumalize. Shamba letu, nje kidogo ya mji, limepakana na la mama jirani, na kwa kuwa ndege hawajui mpaka, tumezoea kupokezana: leo yeye anapiga debe na makelele kwa mashamba yote mawili, kesho mimi. Sasa mtu asiye na pumzi atapigaje makelele tangu kunakucha hadi jua kuzama? Mama jirani akasema, "Pole, fundi," akachukua na zamu zangu. Mke wangu, ambaye kutwa yuko sokoni na samaki wake, akasema, "Hm."

Na huyo mama jirani ndiye mwenye pumu, tangu utotoni. Asubuhi ya kipimo nilimwahi akiwa anafunga debe lake nyuma ya baiskeli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umevuka kizingiti chako? Nani amekufa?"

"Naomba ile dawa yako ya kuvuta, mara moja tu."

"Kimekubana?"

"Kimebana."

Alichomoa kichupa chake kwenye pindo la kanga. "Kioshe mdomo ukimaliza. Na usinimalizie."

Nikavuta mara mbili. Nikaona mbili ni chache kwa mtihani, nikaongeza mbili.

Kufika hospitali, moyo ulikuwa unakimbia kama kuku aliyeona kisu. Dada wa kipimo, binti wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho, aliniamkia vizuri, akanipima urefu, akaniuliza umri. Kisha akatazama mikono yangu.

"Baba, mbona unatetemeka? Umetumia dawa ya kuvuta leo?"

"Hapana."

Akaniangalia kama mwalimu wa zamu aliyeona karatasi inachungulia kwenye soksi. "Mara ngapi?"

"Nne," nikasema.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliweka kalamu chini. "Nikikupima hivi nitaipima dawa, baba, sitakupima wewe. Kama kifua kina kasoro, itajificha. Utakwenda nayo nyumbani unashangilia."

Hapo ndipo nilipokoma kucheka. Nilikwenda pale nijue kama nina kifua cha baba yangu, halafu kwa mikono yangu mwenyewe nikalifunika jibu.

Akanipangia siku nyingine. Nilirudi bila dawa ya mtu. Alinibana pua kwa kibanio, akanipa mrija wa karatasi ngumu uliounganishwa na mashine ndogo, akanieleza: vuta hewa mpaka ujae, fumba midomo kwenye mrija, kisha uitoe yote kwa kishindo, uendelee hata ukiona imekwisha. Mashine inaangalia hewa yote iliyotoka, na kiasi gani kimetoka sekunde ile ya kwanza, halafu wanalinganisha na watu wa umri na urefu wako. Kifua kilichobanwa hutoa kidogo kidogo, kama chupa yenye shingo nyembamba.

Mara ya kwanza niliharibu. Kabla hata hajaniruhusu nilishavuta pumzi kumi za kujiandaa, chumba kikaanza kuzunguka.

"Baba, simama hapo. Wewe hukosi hewa. Umejaza mno mpaka hakuna pa kuingiza nyingine. Hiyo ganzi ya midomo ni ya kuzidisha. Hebu itoe polepole, kama unapoza uji wa mtoto."

Wiki tatu nalia njaa, kumbe nimevimbiwa. Nikapoza uji wangu usioonekana hadi chumba kikatulia.

"Haya, vuta! Vuta! Puliza! Endelea, endelea, endelea, bado ipo, endelea!"

Alipiga makelele binti yule hadi watu wa korido wakachungulia. Nikawaza kwamba ningekuwa na mtu kama huyu shambani, hata suke moja lisingeliwa. Nikapuliza mara tatu. Kwenye kioo ukatokea mstari unaopanda ghafla na kushuka taratibu, kama mlima ulioegemea upande mmoja. Kisha akanipa dawa ya kuvuta, ileile niliyoibia, safari hii kihalali. Tukangoja kidogo, nikapuliza tena. Mstari wa pili ukalala juu ya wa kwanza. Dawa haikukuta cha kufungua.

Daktari alisoma, akanisikiliza mgongo na moyo, akasema mapafu ni mazima. Kubanwa kwangu hakukuwa uongo, ila kulitoka kwenye hofu: nikiogopa navuta sana, nikivuta sana nachoka kifua, nikichoka naogopa. Nikianza kukohoa au hali ikibadilika, nirudi.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Baba hakuwahi kupuliza mrija ule. Yeye tulimpa asali na limau. Nilikaa pale muda, na niliponyanyuka nikagundua sikuwa nimehesabu pumzi hata moja.

Furaha ilidumu hadi kona ya kwanza. Nikakumbuka ndege. Kwa nini wasinipe hata kaugonjwa kadogo, ka msimu tu? Nilipomweleza mke wangu, alisema, "Pole kwa kupona," akaendelea kupara samaki.

Jioni mama jirani alirudi, matope hadi magotini, sauti imemkauka kwa makelele ya kutwa. Alikaa kwenye ngazi ya baraza langu, akavuta dawa yake, akangoja ifanye kazi. Nikamwambia yote, na zile mara nne pia. Alipopata pumzi ya kutosha, alisema:

"Mimi mwenye pumu naamia shamba lako, wewe mwenye mapafu unashona! Kesho debe ni lako, fundi, na ukikosa pumzi huko, ikose ukiwa umesimama."