Macho Yangu, Masikio ya Baba

Harufu ya spiriti ikinifikia popote, hata hospitalini, ninachokiona ni gramafoni ya baba. Tulikaa Tuwan, Kitale, katika nyumba ya vyumba viwili, na msimu ninaoukumbuka ni ule wa mavuno kabla ya Krismasi, mashine ya kupukuchua mahindi iliponguruma kutwa nzima na vumbi la makapi likatua juu ya vitanda, sufuria, hata kope zetu. Mimi ni Nekesa, jina la wasichana wanaozaliwa wakati wa mavuno, na mwaka huo nilikuwa na miaka kumi. Baba alilichukia vumbi lile. Siku za kazi alikuwa karani wa ghala la mahindi, lakini roho yake ilikuwa kwenye kwaya ya kanisa aliyoiongoza. Kila Jumamosi alisafisha sindano ya gramafoni kwa spiriti, akaweka santuri, akaketi akisikiliza sauti moja moja, besi inashuka wapi, soprano inapumua wapi, kisha Jumapili mchana akawafundisha waimbaji alichokisikia.

Gramafoni ile haikutoa sauti nzuri mpaka mkono wake, ule unaobeba sindano, utengenezwe. Kwanza baba alizungusha uzito ulio nyuma ya mkono mpaka mkono ukaelea wenyewe, haupandi wala haushuki, halafu akaurudisha kidogo ili sindano iegemee santuri kwa kiasi. Uzito ukizidi, sindano huchimba santuri, ukipungua, hurukaruka. Baada ya hapo alilaza chini yake kipande cha karatasi ya manila alichokichora mistari kwa rula, akalegeza skrubu za kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, na kukisogeza mpaka kikae sambamba na mistari. Hapo ndipo aliponihitaji, kwa sababu vitu vidogo vya karibu hakuviona, hata kwa miwani. "Wewe ni macho, mimi ni masikio," alikuwa akisema, akinipa lenzi. Nilipiga magoti, nikafumba jicho moja, nikamwambia kushoto kidogo, kidogo tena, hapo hapo. Ndugu zangu walinionea wivu, nami nikaringa waziwazi. Sijapata tena kazi iliyonivimbisha kichwa namna ile.

Kuringa ndiko kulikoniponza. Alhamisi moja, baba akiwa kazini na mama sokoni, nilimwita rafiki yangu Wanjiru, wa nyumba ya pili, nimwonyeshe ufundi wangu. Kugusa gramafoni bila baba kulikuwa marufuku. Niliinua mkono kwa madaha, ukaniponyoka, sindano ikagonga ukingo wa chuma. Nilipoangalia kwa lenzi, kijiti chembamba kinachobeba sindano kilikuwa kimepinda upande. Nilijaribu kukinyoosha kwa ukucha, kikapinda zaidi. Wanjiru alienda kwao, nami nikafunika gramafoni kwa kitambaa chake, nikaenda kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyenituma kuviosha.

Jumamosi baba aliweka santuri ya Krismasi, akasikiliza, akakunja uso. Sauti zilikwaruza, na besi ilikuwa imefifia kama mtu anayeimba nyuma ya ukuta. Akapima uzito upya, akalaza karatasi yake, akaniita.

"Hebu angalia hiyo sindano. Imekaa aje?"

"Iko sawa, baba."

"Si uangalie tena, mama. Haijapinda?"

"Haijapinda."

"Na hiyo besi wewe unasikia vizuri?"

"Nasikia."

Akazima gramafoni. "Basi ni mimi," akasema. "Masikio ndiyo imeanza kwenda."

Baba hakuwa mtu wa kuchapa watoto, kwa hivyo siwezi kujitetea kwa kiboko. Niliogopa kunyang'anywa kazi ya macho, basi. Mazoezini kesho yake alianza kuwasimamisha waimbaji kila mara, akiwauliza wao kama besi wameshuka, yeye ambaye zamani angemtambua aliyekosea hata akiwa amempa mgongo. Wiki mbili kabla ya Krismasi alimkabidhi msaidizi wake kwaya. Mama alimsihi aende hospitali apimwe, akajibu kwamba hana haja ya kuambiwa kitu anachokijua. Siku ya Krismasi aliketi benchi la nyuma, kando yangu, na kwaya ilipoanza akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Nilijua kwamba neno moja kutoka kwangu lingemrudisha mbele. Nililimeza. Tangu mwaka huo hakuongoza kwaya tena, na mimi ndiye niliyemwondoa.

Sasa baba amerudi nyumbani Bungoma, kwenye shamba lililo karibu na barabara ya Lwakhakha, na umri wake umepita miaka themanini. Mimi bado niko Kitale. Watoto wangu husikiliza muziki kwenye simu, kila mmoja na yake, na hakuna anayehitaji macho ya mwenzake. Mwaka huu niliagiza sindano mpya, nikachora mistari kwenye manila, nikatengeneza mkono kama alivyonifundisha, nikaibeba gramafoni aliyoniachia hadi kwake. Kabla ya kuiwasha nilimweleza yote, nikiwa karibu na sikio lake, nikirudia kwa sababu mara ya kwanza hakuyashika maneno.

"Kumbe nilikuwa nasikia," akasema.

Hakuniangalia. Akasugua magoti yake. Nilimwomba msamaha. Akaonyesha gramafoni kwa kidole. Nikaweka santuri ile ile. Besi ilitoka safi, nzito, ikajaa chumba kizima. Baba akainama, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akangoja, kisha akanigeukia.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, baba."

Akaniamini papo hapo, kama siku ile, akainua mkono na kuanza kuongoza, nyuma kidogo ya wimbo.