Jina Nililoozwa Nalo

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu: siku niliyosimama kwenye dirisha la uhamiaji hapa Guangzhou, Uchina, mume wangu yuko ubavuni pangu, nikaambiwa kwamba mimi ni dada yake.

Haya, cheka, lakini usikilize, wewe ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa. Juzi uliniuliza kwenye simu kama ubadili jina kwenye pasipoti kabla ya kumfuata mumeo huku, nikakujibu ngoja kwanza. Nilikuwa napakiza mzigo, na jibu la swali lako halisemwi na mtu anayepigiwa honi na kirikuu. Leo nimekaa, chai iko mbele yangu, nitakueleza yote.

Wakati huo nilikuwa bibi harusi mbichi. Nassoro, mume wangu, alikuwa akinunua nguo kule soko la Shahe, hapa Guangzhou, na kuzipeleka Kariakoo. Alinioa kwetu Tanga, akakaa wiki chache, akarudi kwenye biashara zake, nami nikabaki na simu mkononi. Ndoa ya simu unaijua mwenyewe, sina haja ya kukusimulia. Ilipopatikana nafasi ya kumfuata, mtu mmoja wa kushughulikia makaratasi akamwambia Nassoro kwamba mambo yatakwenda haraka kama pasipoti yangu itakuwa na jina la ukoo wa mume. Nassoro akakubali. Mimi ndiyo kabisa, maana nilikuwa nalitaka! Nilizaliwa Rehema Shaibu, na kuitwa Rehema Mbaruku, kwa ukoo wa Nassoro, niliona ndiko kuolewa hasa. Kwetu sisi Waislamu wa pwani mwanamke haachi jina la babaye, hilo nililijua tangu mdogo. Lakini kichwa kilikuwa kimevimba, wala baba sikumwambia.

Basi nikaja kwa viza ya matembezi, tukaenda uhamiaji kuomba kibali cha mimi kukaa kama mke. Tulikuwa na mkalimani wetu, binti wa Kichina aliyezoea kutusaidia sokoni. Dirishani alikuwepo mama mmoja mwenye miwani, mpole tu. Akaziweka pasipoti zetu sambamba: Mbaruku, Mbaruku. Akachukua cheti cha ndoa, akakisoma: Nassoro Mbaruku kamwoa Rehema Shaibu. Akatutazama, akamwambia neno yule mkalimani, na yule binti akaona haya kulitafsiri.

“Anauliza,” akasema, “huyu dada amekuja kumtembelea kaka yake? Na mke aliyeandikwa hapa yuko wapi?”

Lo! Ndipo nikajua kwamba Wachina nao, mke akiolewa anabaki na jina la kwao. Kwao wao, mwanamume na mwanamke wenye jina moja la ukoo ni watu wa tumbo moja kabla ya kuwa kitu kingine. Tulichofanya ili tuonekane mke na mume ndicho kilichotufanya tuonekane ndugu! Nassoro akajaribu kuchekacheka, yule mama hakucheka. Alisema kwa adabu zake kwamba tulete uthibitisho kuwa Rehema wa kwenye pasipoti na Rehema wa kwenye cheti ni mtu mmoja, tena kabla viza yangu haijakwisha. Bila hivyo niondoke.

Unajua maana ya kuondoka, mwanangu? Nilikuwa nimeagwa Tanga kwa ngoma. Bibi harusi akirudi peke yake baada ya muda mfupi hivyo, nani atamwuliza habari za pasipoti? Watasema kaachwa. Na mume aliyebaki Guangzhou, watu wangemtafutia mke mwingine kabla sijafungua begi. Niliiona ndoa yangu inanitoka vidoleni, na sikuwa nimeila hata raha yake.

Habari zikazagaa kwa wenzetu, na haukupita muda akaja kijana mmoja wa kwetu, mtanashati, maneno mengi. Akasema tusihangaike. Angetupatia cheti kipya cha ndoa, kina mihuri yote, na jina langu limeandikwa Mbaruku kama kwenye pasipoti. Nassoro akanigeukia.

“Mke wangu, ni karatasi tu. Ndoa yetu si ya kweli?”

Sikumlaumu. Alikuwa anaogopa kunipoteza, na mtu mwenye hofu hushika chochote. Hata mimi moyoni nilikuwa naelekea kwenye ndiyo.

Aliyenizindua ni Bi Saada, mama wa Mombasa aliyekuwa akija kununua vitu vya watoto kwenye maduka ya mtaa wa Yide Lu na kufikia nyumba ya jirani. Alikuwa mkubwa wetu sote hapa mjini, akikusema umesemwa. Nilimkuta anafunga mabunda ya midoli, nikamweleza. Hakuacha hata kufunga.

“Ebo! Rehema, wewe umeolewa ama umeasiliwa uwe mtoto wao? Siku ya nikaha babako alisema anamwoza nani? Alisema Rehema Mbaruku?”

“Hapana, mama. Alisema binti yangu Rehema.”

“Basi aliyeolewa ni huyo, na wewe umemficha. Mtoe! Cheti chako ni cha kweli, mbona ukitupe uchukue cha uongo? Na hicho cha kuchonga, siku utakayokishika, usiniamkue tena.”

Nilitoka pale nimechukia, wallahi. Nani anapenda kusemwa? Lakini kabla sijafika mlangoni kwetu nilikuwa nimekata shauri. Nikamwambia Nassoro: narudi Tanga, nalirudisha jina langu kwenye pasipoti, natafuta kiapo, nakuja tena kwa mlango wa mbele. Akasema watu watasema. Nikamwambia wana midomo, waache waitumie. Uwanja wa ndege wa Baiyun alinisindikiza machozi yanamlengalenga, nikamkemea mbele za watu, “Nyanyua uso, bwana, sijafa!” Nilipokwishavuka ukaguzi, ndipo nikalia mimi.

Tanga walinimaliza. Mmoja alisema nimefumaniwa, mwingine alikuwa na habari kwamba Nassoro ana mtoto wa Kichina. Nikajipamba, nikaenda kwenye kila shughuli niliyoalikwa, na nyingine sikualikwa. Wambea niliwaweza. Mtu niliyemwogopa ni mmoja tu.

Wakili aliniambia kiapo kitakuwa na uzito kikiapwa na mzazi: kwamba Rehema Shaibu na Rehema Mbaruku ni mtu mmoja, na ndiye aliyeolewa na Nassoro. Kwa hiyo ilinibidi niende kwa baba, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, nimpe pasipoti mkononi. Akaisimamisha cherehani, akavaa miwani. Akasoma, akageuza, akasoma tena.

“Rehema,” akasema, “mimi nilikukosea nini?”

Nimetukanwa maishani, mwanangu. Sijawahi kuambiwa neno likaniuma kama lile, na alilisema taratibu, kama anayetaka kujua kweli. Nikapiga magoti. Nikamwambia hukunikosea, baba, nilijiona tu. Akanirudishia pasipoti, akarudi kwenye cherehani yake. Kesho yake asubuhi nikamkuta amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa, ananingoja twende kwa wakili.

Wakili akaanza kumsomea maneno ya kisheria. Baba akamkatiza.

“Waandikie hao Wachina kwamba huyu ni wangu. Nimemzaa mimi, nimemwozesha mimi, na mumewe namtambua.”

“Mzee, tutaandika kwa lugha ya sheria.”

“Andika unavyojua. Ila hilo liwemo.”

Ikachukua miezi. Pasipoti ikarudi kuwa ya Rehema Shaibu, cheti cha ndoa na kiapo vikapita wizarani na ubalozini kugongwa mihuri, nami nikawa mgeni wa kila foleni. Nassoro alipiga simu kila siku, na kila siku alikuwa na wasiwasi mpya. Nilimjibu vilevile: nakuja. Na nikaja, safari hii kwa viza ya mke. Dirishani tulimkuta mtu mwingine, kijana. Akasoma pasipoti, cheti, na kiapo cha baba pamoja na tafsiri yake. Akaita “Rehema Shaibu” kwa matamshi ya Kichina, nikaitika, akagonga muhuri.

Sasa jibu lako. Kulichukua jina la mume si dhambi wala si ushamba. Rafiki zangu Wakristo wa Nairobi wanalichukua na wanaishi na waume zao humuhumu. Lakini lichukue kwa sababu unalitaka, si kwa sababu dalali kasema ni haraka. Ukishachagua, kila karatasi ifuate, na hati ya kubadili jina uwe nayo. Usiniambie utamalizia nyingine ukifika. Pale wanapouliza kama umewahi kuwa na jina jingine, liandike. Jina la kwenu ndilo lililo kwenye cheti cha ndoa, na bila hilo hakuna mke hapo, kuna msafiri tu. Mambo yakikwama, funga safari urekebishe, hata kama mtaa mzima utasema umeachwa. Mtu wa cheti cha kuchonga usimfungulie mlango. Na kabla hujatia kalamu popote, nenda kakae na baba yako umwambie unachotaka kufanya, akisikie kutoka kinywani mwako. Wangu alikula yamini kwa ajili yangu siku aliyokuwa na haki ya kukataa.

Mungu akufikishe kwa mumeo salama, awape nyumba moja na uzee mmoja, na popote utakapoitwa mbele ya watu, mwanangu, akujaalie uitike mara ya kwanza. Amina.