Beki bora niliyewahi kusimama nyuma yake aliambiwa anaogopa mpira

Wakuu, salamu kutoka Kisumu.

Mimi si mtu wa kuanzisha uzi, kazi yangu humu ni kusoma na kucheka. Lakini juzi niliona watu wakibishana jinsi ya kupima kipaji cha beki mdogo, na majibu mengine yalinikasirisha. Nawapa yaliyonipata mimi mwenyewe. Nimebadilisha jina la msichana tu, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Sekondari nilikuwa kipa wa timu ya hoki. Hii ya magongo uwanjani, si ile ya kwenye barafu. Barafu huku kwetu ni ya kuhifadhia samaki.

Mbele yangu alicheza beki, tumwite Akoth, msichana wa Pap Onditi. Na hakuna anayemjua beki kuliko kipa wake, msibishane na mimi hapo.

Akoth hakuangalia mpira. Uwanja wetu ulikuwa murram, yaani udongo wa changarawe, mawe mengi kuliko nyasi, na mpira juu ya mawe ni mwongo. Yeye aliangalia kiuno cha mtu anayekuja. Mshambuliaji akifika, anamkuta Akoth ameshafika zamani, ametulia kama mtu aliyemwalika. Sikuwahi kumwona akikwepa.

Kasoro yake ilikuwa moja: mguu.

Kwa wasiojua, kwenye hoki mpira ukigusa mguu wa beki ni faulo, na karibu na goli wapinzani wanapewa penalti kona, nafasi kubwa ya kufunga. Sasa kwenye murram mpira ukigonga jiwe unaruka gongo. Kwa hiyo mabeki wetu wote waliweka mguu nyuma ya gongo, kama bima. Marefa wa huku walijua. Ukigusa mguu walijifanya wanaangalia ziwa, mchezo unaendelea. Tulilelewa na hiyo huruma.

Akoth alikuwa kidato cha nne. Baba yake alishafariki, na nyumbani walimwambia wazi kwamba hakuna karo ya chuo, na kuna mwanamume ameshakuja kumposa. Hakumtaka. Njia yake pekee ya kutoka ilikuwa gongo.

Ndipo tukasikia kocha wa chuo kimoja cha Nairobi anakuja Kisumu kufanya trial. Atakayechaguliwa, chuo kinabeba karo. Tukasikia pia anakuja na refa wake, na huyo hasamehi mguu hata kidogo.

Mwalimu wetu wa michezo akaingiwa na hofu. Akachukua fimbo.

Kila jioni alisimama nyuma ya Akoth, sisi tunampigia mipira. Mguu ukienda nyuma ya gongo, anachapwa kwenye kifundo.

"Toa hiyo mguu! Unataka kutuaibisha mbele ya watu wa Nairobi?"

Bwenini nilikuwa namkanda na maji ya chumvi. Alikuwa ananiita nyamera, yaani dada yangu. "Nyamera, wachana na hiyo maneno. Mwalimu ananitakia mema."

Na kweli alimtakia mema. Hiyo ndiyo inaniuma hadi leo, kwa sababu kama ningeweza kumchukia ningepumua.

Siku ya trial ikafika. Mpira wa kwanza ulikuja kwa Akoth, mpira wa mtoto. Alifika mapema kama kawaida yake. Halafu mabega yakashtuka, akavuta miguu yote pembeni, gongo likabaki peke yake. Mpira ukagonga jiwe ukapita.

Ukaja mwingine, vilevile. Na mwingine. Anafika, anashtuka, anaruka. Niliona kutoka golini kwamba hasubiri mpira, anasubiri fimbo.

Mimi nikabaki na kazi. Nilizuia kwa miguu, kwa kifua, mmoja nilizuia kwa kofia. Sijawahi kucheza vile maishani.

Mwisho kocha akatukusanya. Akamwambia Akoth mbele ya kila mtu, bila ubaya, "Mchezo unausoma vizuri. Lakini unaogopa mpira, na woga siwezi kufundisha."

Nikashindwa kunyamaza. "Kocha, huyu haogopi mpira. Amechapwa hiyo miguu mpaka sasa anashtuka."

"Dada, mimi napima kile nimeona leo."

Mwalimu alikuwa hapo hapo. Aliangalia chini, akaanza kuokota mipira.

Kisha kocha akasema anamchukua kipa.

Wakuu, nilienda. Mlitaka nikatae? Kwetu pia karo haikuwepo. Akoth alinibebea begi la vifaa hadi barabarani, na kabla sijamaliza muhula wa kwanza nikasikia ameolewa na yule yule aliyekuja kumposa.

Nimesoma, nina kazi, nakula vizuri. Majuzi nikakutana naye soko la Kibuye akichagua nguo za watoto. Amekonda sana. Hakuwa na kinyongo, tukacheka kidogo mambo ya shule, halafu akasema, "Lakini nyamera, siku ile ulidaka! Nilikuwa nawaambia watu, huyo kipa ni wetu."

Nilikosa pa kuweka uso. Kila mpira niliodaka siku ile ulikuwa umempita yeye kwanza.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimpima beki mchanga, uliza amelelewa kwenye uwanja gani na nani alikuwa amesimama nyuma yake. Na nyinyi walimu, mnaweza kuiondoa kasoro kwa haraka mkaondoa na mchezaji mwenyewe.

Makocha mlio humu, mngemwonaje kwa dakika zile? Na wewe ambaye ungekuwa golini, ungeiacha mipira ipite? Jibuni, hata matusi nitasoma.