Ngumi ya Mshika Mkia

Verlene Tuttle anaendesha basi la shule, na mtu aliyezoea kelele za watoto wa mji mzima hababaishwi na kelele za watu wazima. Kwa hiyo mwezi wa tatu, jamaa walipojazana kwenye banda lake la gari kupanga safari ya pikipiki ya kila mwaka, aliwaacha wabishane mpaka koo ziwakauke. Yeye alikuwa akimenya karanga tu.

Mbishi mkuu alikuwa shemeji yake, Delwin, mtu mwenye mdomo mkubwa kuliko tumbo lake, na tumbo lenyewe si haba. Alitaka kambi ya mlimani, penye mto na miti.

"Fikiria, shemeji! Jioni unatumbukiza miguu kwenye maji ya baridi."

"Na pikipiki tutaziendesha wapi? Mtoni?"

"Tunazipakia kwenye trela. Mwendo wa saa moja tu, tuko njiani."

"Kila asubuhi pakia, kila jioni pakua. Utapakia wewe, na mgongo huo usioisha kulalamika? Hapana. Tunakwenda jangwani, kwenye miamba. Unatoka hemani, unawasha chombo, tayari uko njiani."

"Kule hakuna hata mti mmoja!"

"Utajikinga na kivuli cha tumbo lako."

Watu wakaangua kicheko, na hoja ya mlimani ikafia hapo. Lakini Verlene hakuwaambia sababu yake ya kweli. Sababu yenyewe ilikuwa jikoni, imenuna, ikijifanya inasoma gazeti huku masikio yote yako bandani.

Sababu hiyo ni Rulon, mumewe. Miaka yote aliyoruka mawe na makorongo ya kwao Utah, Marekani, kwa pikipiki hakuvunjika hata ukucha. Majira ya baridi yaliyopita alitoka nje kwenda kutupa takataka, akateleza kwenye barafu, nyonga ikavunjika. Takataka, jamani! Daktari akamwambia pikipiki basi tena. Rulon akaifunika pikipiki yake turubai, akamwambia mkewe, "Nendeni nyie. Mimi nitabaki na kuku." Na kuku wenyewe hawapendi, nao wanalijua hilo.

Huyu Rulon ndiye aliyekuwa mshika mkia wa kundi, na kwao mshika mkia si mtu wa kuchekwa. Ndiye anayeendesha nyuma ya wote, anafunga mageti ya ng'ombe, anainua walioanguka. Sheria ni moja: ukifika njia panda unasimama, humwachi wa nyuma yako mpaka umwone kwa macho. Ukipishana na watu unawaonyesha kwa vidole wangapi bado wanakuja. Wa mwisho haonyeshi kidole, anainua ngumi. Maana yake, nyuma yangu hakuna mtu, mko salama wote. Kwa miaka mingi ngumi hiyo ilikuwa ya Rulon. Alikuwa akiingia kambini wenzake wamekwisha kula, anakwangua viazi vilivyoungua chini ya chungu cha chuma, anasema hivyo ndivyo anavyovipenda. Verlene akazoea kumwekea hivyo hivyo, tena siku nyingine akiongeza makaa makusudi ili viungue vizuri.

Sasa Verlene aliogopa. Alijua mumewe akibaki nyumbani mwaka huu, hatatoka tena, na kundi bila Rulon yeye hakulitaka. Ndiyo maana alichagua kambi ambayo njia inapita mlangoni, angalau mzee aone, asikie, anuse vumbi. Akaenda mbali zaidi: akanunua kiti kipana cha kukunja, chenye mwavuli na mahali pa kuweka kikombe. Hapo ndipo alipoharibu.

"Hiki nini?" Rulon aliuliza.

"Kiti."

"Naona ni kiti, macho sikuvunjika. Cha nani?"

"Chako. Utakaa kivulini utuone tukipita."

"Niwapungie mkono kama bibi harusi? Verlene, mimi si furushi la kushushwa garini na kuwekwa kivulini. Kirudishe dukani."

Akaenda zake chumbani na mkongojo, ngo, ngo, ngo. Verlene alilia siku hiyo. Alilia kwa uchungu na kwa hasira pia, akikatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Kiti hakukirudisha.

Wiki moja kabla ya safari walikutana tena bandani. Shaunee, mkwe wao, aliyekuwa anakwenda kwa mara ya kwanza, akauliza swali ambalo wenyeji walikuwa wanalikwepa.

"Mama, na mwaka huu nani atakaa nyuma?"

Nyuma ni kula vumbi kutwa nzima, nani angepataka?

"Aa, hakuna haja," Delwin akasema. "Sisi watu wazima. Kila mtu ajichunge mwenyewe."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa kishindo.

"Delwin!" Rulon alikuwa amepandwa na mori hadi masikio yamekuwa mekundu. "Ulipotumbukia korongoni pikipiki ikakulalia, nani alikukuta?"

"Wewe, kaka."

"Nilikukuta unajichunga?"

"Ulinikuta nalia, kaka."

"Basi funga bakuli lako."

Akachukua chaki, akachora kwenye mlango wa banda kambi na njia zake tatu, mkono ukienda mbio. "Zote zinatokea hapa, kambini. Hii ndiyo njia panda kubwa kuliko zote. Nyuma atakaa Verlene, dereva wa basi ana macho kisogoni. Na hapa lazima akae mtu wa kuwapokea. Chungu hakifunuliwi mpaka mtu huyo aione ngumi."

"Nani atakaa juani hapo siku nzima?" Delwin akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi! Ulidhani nani? Verlene, kile kiti kiko wapi?"

Verlene aliinama kuokota maganda ya karanga, wasimwone uso. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini usimwambie mhunzi hivyo, atakurushia nyundo. Mwache agundue mwenyewe.

Siku ya kwanza jangwani ilikuwa tamu. Shaunee alianguka mara mbili, akainuka akicheka. Kwenye njia panda ya mwisho alisubiri mpaka akamwona mama mkwe, kisha akaenda. Toka hapo ni njia moja tu hadi kambini. Verlene akashuka kufunga geti la ng'ombe, na alipopanda tena gurudumu la nyuma lilikuwa limelala. Pancha. Akaanza kusukuma pikipiki mchangani, jua likizama, jasho likimchuruzika, tumbo linanguruma. Wameshakula, alijiambia. Delwin ameshalamba mwiko. Hakuwahi kujua kwamba kuwa nyuma ni upweke namna hii, akamwonea Rulon huruma ya miaka yote.

Alipomaliza mlima mdogo wa mwisho akaiona kambi. Kiti kilikuwa kitupu. Rulon alikuwa amesimama katikati ya njia, ameegemea mkongojo, na nyuma yake watu wote wamekaa kukizunguka chungu kilichofunikwa, sahani tupu mapajani.

Verlene akainua ngumi.

Rulon akainua ya kwake, akageuka. "Funueni!"

"Hatimaye!" Delwin akapaza sauti. "Shemeji, nilikuwa nimeanza kutamani kuutafuna mkongojo!"

Verlene alikaa kwenye kile kiti. Rulon akampakulia yeye kwanza, viazi vya juu, laini, vyenye nyama. Verlene naye akachukua mwiko, akakwangua chini kabisa, akampelekea mumewe vile vyeusi kama kawaida.

Rulon akamrudishia sahani.

"Mke wangu," akasema, "mimi sijawahi kupenda viazi vilivyoungua."

Verlene akavirudisha chunguni vile vyeusi, akampakulia vya juu, akajaza mpaka vikamwagika sahanini.