Kiondo cha Shangazi Kilipofika Nairobi

Mwaka ule mke wangu na mimi tulizungumza habari za kabichi kama wachumba wanavyozungumza habari za harusi. Yeye alikuwa Nairobi, mimi Nakuru, na jioni simu ilipolia sikuuliza ameshindaje. Niliuliza kabichi imefika pesa ngapi. Akitaja bei ya kwake, nataja ya kwangu, halafu nacheka peke yangu katikati ya soko, nimekumbatia kabichi kubwa kama kichwa cha ndama, hadi siku moja mama aliyekuwa akiuza akaniuliza kama ninanunua ama ninaiombea.

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba. Ni kazi ya miguu. Jengo likikauka unafuata lingine, na mimi sijawahi kulalamika kwa hilo. Nimepaka Eldoret, nimepaka Kisumu, nimepaka Mombasa, kisha Nairobi kwa miaka mingi, na kila mji niliofika niliupenda mwezi mmoja, halafu nikaanza kuukumbuka ule niliotoka. Mke wangu alinifuata kote huko na cherehani yake. Tulipofika Nairobi akasema hapa ndipo mwisho wa barabara. Alipata kibanda cha kushonea pale Umoja, kati ya kinyozi na muuza mayai, wateja wakamzoea, na akaacha kuniuliza tunahama lini.

Kisha Nakuru ikapewa hadhi ya jiji. Ghorofa zikaanza kuchomoza mahali ambapo sisi tulichezea mpira wa makaratasi, na nikaitwa kupaka mojawapo. Nilizaliwa mtaa wake wa Rhonda, na sikuwa nimerudi kukaa tangu nimalize kidato cha nne. Asubuhi ya kwanza nilipanda ngazi na brashi yangu, nikageuka, nikaona mlima wa Menengai umelala palepale ulipokuwa umelala siku zote. Upepo ukanipulizia vumbi mdomoni na nikaitambua ladha yake. Mtu mzima, miaka arobaini na kitu, nimesimama juu ya ngazi nafurahia vumbi.

Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimekodi vyumba viwili kule Free Area. Kwa kodi ile, Nairobi wangenipa chumba kimoja ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Hapa nilikuwa na sebule nzima, haina hata kiti. Nikisema "karibu," sauti inazunguka ukutani na kunirudia, nami naitikia "asante." Nikampigia mke wangu simu nikiwa nimesimama katikati ya sebule hiyo, nikamwambia ahamie.

"Mimi si sanduku," akasema.

Hakukataa kabisa. Alisema amechoka kuhamishwa na furaha zangu, kwamba kila mji kwangu ni mbinguni mpaka kodi ya mwezi wa pili. Safari hii nimwonyeshe kwa tumbo, si kwa mdomo, kwamba maisha ya Nakuru ni nafuu kweli. Na muda haukuwa wangu. Mwenye kibanda chake alitaka mwishoni mwa Novemba aweke sahihi ya mwaka mwingine. Akishaiweka, hatoki, kwa sababu yeye neno lake ni neno. Mimi ningebaki mwaka mzima na sebule inayoniitikia.

Kwa hiyo nikaanza kesi yangu na kabichi, na kesi ilikwenda vizuri. Nikaleta viazi, nikaleta maziwa, nikaleta maharagwe ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia ambao Nairobi, naapa, wameubonyeza chini ili ushike kidogo. Huku mama wa maharagwe anajaza mpaka juu kunakuwa na kilima, halafu anaongeza konzi ya mkono. Nilimweleza mke wangu habari za hiyo konzi kwa muda mrefu. Nikaleta maji: Umoja tulinunua ya mtungi mfereji ukikauka, na Free Area mfereji wangu ulitoka siku nyingi.

"Na meno?" akauliza.

Maji ya Nakuru yana madini ambayo huyapaka meno ya watoto rangi ya chai. Sisi tuliokulia huko tunatambuana kwa kucheka. Nikamwambia meno yangu ndiyo yaleyale aliyoyapenda.

"Hayo yaliliwa na maji ya bure," akasema. "Sasa ya kunywa unanunua, ama nadanganya?"

Nilikuwa nanunua. Sikuwa nimemwambia, na hakuwa ameambiwa na mtu. Nikayatoa maji kwenye kesi.

Pigo lililoniumiza lilikuwa la suruali. Aliniomba niende kwa fundi yeyote wa nguo mjini, niulize kupunguza urefu wa suruali ya shule ni pesa ngapi. Nilikwenda na suruali yangu ya kazi, yenye matone ya rangi za majengo yote niliyowahi kupaka, na fundi akataja bei bila kuinua macho. Jioni niliitaja kwa sauti ya chini, nikitumaini mtandao utakatika.

"Nusu yangu," akasema mke wangu. "Sasa unaona? Kabichi ni nusu, na mimi pia ni nusu."

Hapo kesi yangu ilikwama siku mbili hivi. Ndipo shangazi yangu akanipa nguvu, bila kujua.

Shangazi, dadake marehemu baba, analima kule Bahati, nje ya mji, kwenye kipande cha ardhi ambacho zamani kilikuwa sehemu ya shamba la mzungu. Aliposikia niko Free Area naishi peke yangu, alinihurumia kama mtu aliyelazwa. Jumamosi iliyofuata akanitumia kiondo kwa jirani yake anayeleta maziwa mjini kwa pikipiki. Kiondo chenyewe ni cha katani, kamba zake za ngozi zimekuwa nyeusi kwa kushikwa, na amekuwa nacho tangu aolewe. Kilijaa viazi, karoti zenye udongo, avokado, na chini kabisa mayai yaliyofungwa kwa maganda ya mahindi. Sikuamini. Jumamosi ya pili kikaja tena, na ya tatu. Nikampigia mke wangu nikiwa nimelewa kwa furaha. Nilimwambia sasa bei zimekwisha, hakuna tena bei, mume wako anakula bure.

Cherehani yake ilikuwa inalia nyuma ya sauti yake. Ikanyamaza.

"Na hicho kiondo," akauliza, "kilirudi na nini?"

Yeyote aliyelelewa upande wetu anajua kwa nini nilikohoa. Kiondo cha mtu hakirudi kikiwa kitupu. Hata ukiwa huna kitu, utaweka jani la mti kuliko kukirudisha hivihivi, maana kiondo kitupu ni kama kumwambia mtu usije tena. Basi cha shangazi kilikuwa kinarudi Bahati na sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, sabuni ya mche na mkate. Jumamosi moja nilikuwa nimeongeza blanketi, kwa kuwa alitaja baridi.

Nikamwambia yote, hata blanketi. Alicheka mpaka nikamsikia kinyozi wa jirani akimuuliza kuna nini.

"Hebu nielewe," akasema alipopata pumzi. "Viazi vya bure vinakula sukari, vinakula sabuni, vinalala kwa blanketi."

Wala hakuwa amesikia yote. Mtu mmoja hamalizi viazi vya kiondo kizima, kwa hiyo nilikuwa nikiwagawia majirani wa ploti, wapangaji wenzangu wa ua mmoja. Mlango wa kulia alikaa mama mmoja Mwislamu, ambaye babu yake alikuja Nakuru kutoka Pwani zamani za reli. Nikimpelekea viazi, sahani inarudi na mahamri ya iliki. Sahani yake nayo ningeirudisha na nini? Avokado. Inakuja tena na pilau. Wa mlango wa kushoto wakaona sahani zikipita, wakaingia na chapati. Nyumba yangu ilikuwa na sahani moja ya kwangu na rundo la sahani za watu, zote zikisubiri kitu. Kila jioni nikitoka kazini napita dukani si kwa sababu ya njaa yangu, ila kwa sababu ya vyombo. Na sijawahi kula vizuri namna ile maishani mwangu. Nilinenepa. Ngazi ikaanza kunilalamikia.

Nilijaribu kumweleza mke wangu kwamba hizo hazikuwa gharama. Aliuliza ziliitwaje basi. Nikasema ni maisha. Akasema Ijumaa ataweka sahihi ya kibanda, na hakucheka aliposema hivyo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kiondo cha Jumamosi kilikuwa bado kiko sebuleni, kimebaki nusu. Sijui nilifikiria nini, na nadhani sikufikiria. Nilinunua kabichi, ile kubwa kabisa ya soko zima, nikaitia humo, nikaongeza maharagwe, karoti na sukuma wiki. Mama wa mlango wa kulia akasikia ni cha mke wangu, akatia mahamri kwenye mfuko. Wa kushoto wakatia chapati. Nikakipeleka kwa watu wa kusafirisha vifurushi, nikakituma Umoja. Nilitaka tu aone. Nilitaka akiweke mezani na kukiangalia kabla hajashika kalamu.

Shangazi alipiga simu kesho yake kuuliza kama kiondo chake kitakuja Jumamosi, kwani viazi vingine viko tayari. Nikamwambia kiko Nairobi.

"Kiondo changu hakijawahi kufika Nairobi," akasema. "Mimi mwenyewe sijafika." Kisha akauliza ni nani anakaa nacho, na nilipomwambia, alitaka namba yake ya simu. Wakati wa harusi yetu walikuwa wamesalimiana tu.

Jioni mke wangu alipiga. Niliogopa kupokea.

"Wewe mzee umenitega," akasema. "Umenitumia kiondo cha mtu."

Niliapa sikumtega, na ni kweli, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mwenzangu naye ni mtoto wa nyumba yenye desturi zilezile. Alikuwa amezunguka Umoja siku nzima akitafuta cha kukijaza. Kiondo cha shangazi hakina huruma, ukiweka pakiti mbili za sukari zinapotea ndani. Alisema kukijaza kwa bei za Nairobi ingekuwa ni kufunga kibanda na kwenda nyumbani. Aliposikia maneno yake mwenyewe alicheka, mimi nikajifanya sikuyasikia. Akaongeza kwamba muuza mayai alikula chapati mbili na kinyozi ameuliza Nakuru wananyoa kwa pesa ngapi.

Yeye na shangazi waliongea Jumatano, na Alhamisi tena. Hawakunieleza. Nilichopata ni vipande: kwamba shangazi alipimwa kifua na kiuno kwa simu, akitumia kamba ya kufungia ng'ombe, na kwamba wanawake wa kikundi chake cha kanisa wanashonewa nguo mjini, nauli kwenda, nauli kurudi, halafu mikono inakuwa mifupi. Mke wangu aliuliza wako wangapi. Alipojibiwa, shangazi aliniambia baadaye, aliomba atajiwe idadi hiyo tena, polepole, kama mtu anayeandika.

Ijumaa sikufanya kazi ya maana. Nilipaka ukuta mmoja mara mbili. Sikupiga simu, kwa kuogopa kusikia kwamba sahihi imeshawekwa, naye hakupiga.

Jumamosi asubuhi watu wa vifurushi waliniita. Kiondo kilikuwa kimekaa juu ya kaunta, kimeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu ili kisifunguke njiani, mshono ambao ningeutambua popote. Nilikibeba mpaka nyumbani nikaukata uzi katikati ya sebule. Juu kulikuwa na gauni la kitenge, la rangi ya maboga, limekunjwa, na karatasi imebandikwa kwa pini: La Shangazi. Nikashukuru, nikakubali kwamba ndiyo hayo, amekirudisha vizuri na habari imeisha. Kisha nikakiinua, na kilikuwa bado kizito.

Chini ya gauni kulikuwa na mkasi wake mkubwa, umevikwa kitambaa. Mkasi huo hajawahi kumwazima mtu, hata mimi, hata kwa kukata kamba. Pembeni yake mkebe wa vifungo, futi ya kupimia, na kile kikombe chake cha chai kilichobanduka mkono.

Nilimpigia palepale. Sauti yangu ilikuwa inazunguka ukutani.

"Gauni nimeona," nikasema. "Na hivi vingine ni vya shangazi pia?"

"Vya shangazi ni gauni tu," akasema. "Hivyo viweke mahali pakavu. Na usithubutu kukata kitu na mkasi wangu."

Nikamuuliza kuhusu kibanda. Akasema amempisha kinyozi, anayetaka kupanua chake. Akasema pia kwamba anakuja na cherehani Jumanne, kwamba nitafute kiti, kwa maana hakai kwenye sakafu, na kwamba kabichi niliyotuma ilikuwa na mdudu.

Nilikimbia nje kumtafuta mtu wa kumwambia. Mama wa mlango wa kulia alikuwa anafua. Nilipomaliza kueleza, alijipangusa mikono, akaingia ndani kwake, akatoka na sahani yangu, ile moja, niliyokuwa nimedhani imepotea, imejaa kaimati za moto.