Siku Niliyoteremshwa Kama Gogo

Kabla ya chuma kuingia mguuni mwangu, mimi Kirimi wa Kianjai nilikuwa mtu wa kupanda. Mti mkubwa ukibanwa kati ya nyumba, usiweze kuangushwa mzima bila kuvunja paa la mtu, niliitwa. Niliukata kipande kwa kipande kuanzia kileleni. Kila kipande kilifungwa kamba, na chini Mutwiri, rafiki yangu tangu shule, aliizungusha kamba hiyo shinani na kuiachia polepole. Gogo zito lilitua bila kushtua kuku. Kamba yangu mimi pia ilipita kwenye panda ya mti ikashuka mikononi mwake. Watu walinisifu mimi tu, nami nilifurahia sana.

Siku hiyo tulikuwa Nchiru, kwenye mukima, ule mti mrefu wa kivuli unaopandwa kwenye kahawa, uliosongwa kati ya hosteli ya wanafunzi na ukuta wa jirani. Kwetu mukima hupunguzwa matawi kila mwaka, na huachwa vijiti vya kukanyagia mwaka ujao. Nimekua nikivipanda pekupeku kwenye kahawa ya baba. Lakini mti huu ulikuwa umesahauliwa miaka mingi. Nilikanyaga kijiti kilichooza ndani, kikakatika.

Kamba ilinidaka, ila mguu ulikuwa umeshaingia kati ya shina na ukuta. Mfupa wa muundi ulitoboa ngozi. Niliuona, mweupe, nikatapika. Kisha nikakumbatia tawi kwa mikono yote miwili.

Wanafunzi walitaka kupanda wanivute. Mutwiri akawakataza. Alinivuta juu kidogo kwa kamba, mguu ukachomoka, nikalia kama mtoto.

"Kirimi, achilia hiyo tawi," akasema.

"Siwezi."

"Leo wewe ndio gogo. Gogo haishikilii kitu. Achilia, niko na wewe."

Nikaachilia. Aliniteremsha taratibu, bila kunigongesha ukutani hata mara moja. Nilipofika chini niliona viganja vyake vimechunika, kamba ina damu.

Hospitalini nilitiwa chuma. Baadaye mguu ukavimba, ukatoa usaha, ukanuka hata mimi mwenyewe nikaona aibu. Daktari akasema, "Tutaosha tena. Ikikataa, tutakata chini ya goti."

Mke wangu Kanana akamjibu, "Osha, daktari. Huyu akibaki na mguu moja atanisumbua nimtafutie ile ingine."

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Mutwiri alikuja na viganja vyake vilivyofungwa bendeji, akininywesha uji na kuuliza kama gogo limelala vizuri. Wakaosha, wakaosha tena, hadi nyama ikawa nyekundu na homa ikaisha. Nikatoka kwa magongo, mguu wangu ukiwa wangu.

Wewe uliyelala wodini, usikate tamaa kwa sababu ya harufu. Waache wakuoshe. Na wewe unayepanda, gonga kijiti kabla ya kukikanyaga, na ukisifiwa, mtaje aliye chini. Namshukuru Mungu, na daktari, na Kanana. Mutwiri sijui nimshukuru vipi.

Mguu ulipona kabla ya moyo. Siku moja Mutwiri alinifunga kamba kwenye mti wa nyumbani kwake. Nilipanda hadi usawa wa paa, nikalikumbatia shina. Sikukata hata tawi moja. Nilimtazama pale chini, kamba katika mikono yake yenye makovu, nikaachilia mikono yote miwili.

Kamba ikakaza.