Nilivyounyoosha Mpaka wa Watu

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu alikuja dukani kwangu Kiboriloni, pale ninapouza dawa za minyoo na chumvi ya ng'ombe, akaweka fomu juu ya kaunta. Chuo chao kilimpeleka kwenye shamba la ng'ombe kwa wiki nne za mafunzo kwa vitendo. Alikaa siku mbili, akapiga picha amemkumbatia ndama, akarudi mjini. Sasa mwenye shamba kagoma kusaini, na binti anataka muhuri wa duka langu, eti muhuri ni muhuri.

"Shangazi, gonga tu. Nani atasoma?"

Nilimrudishia fomu yake, na mpaka leo hapokei simu yangu. Kaka naye kanipigia kuniuliza kwa nini nambania mtoto. Sikumjibu vizuri. Wewe nitakueleza, kwa sababu wewe hutanikatiza, na kwa sababu fomu kama ile niliwahi kuibeba mwenyewe nikiwa na miaka kumi na sita, na hasira yake haijaniisha.

Mimi si mtu wa mlimani, si Mchagga. Baba alifanya kazi kwenye miwa huku tambarare, lakini kwao ni Singida, na likizo nyingine tulikwenda kwa babu, kule ambako ng'ombe hutoka zizini asubuhi na kurudi jioni wakitimua vumbi. Kwa hiyo nilijiona najua ng'ombe. Shule yetu ilikuwa ya mchepuo wa kilimo, na likizo ya mwezi wa sita tukiwa kidato cha tatu, mwalimu wa kilimo alitugawa kwenye mashamba ya watu. Kila mmoja alipewa fomu yenye visanduku: kulisha, kusafisha banda, kukamua, kutunza ndama, na chini kabisa maoni ya mwenye shamba. Atakayerudi na fomu nzuri kuliko wote, mwalimu aliahidi, angemwandikia barua ya kumpendekeza chuo cha mifugo. Baba alikuwa ameshasema kwamba baada ya kidato cha nne hana la kunifanyia. Barua ile niliitaka mpaka nikaiota.

Nikapangiwa kwa bibi mmoja mjane, unashukia Himo kisha unapanda. Alikuwa na ng'ombe wanne kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na kahawa, na ng'ombe hao hawakutoka nje hata siku moja. Walisimama humo kama wagonjwa wodini wakisubiri kuletewa chakula. Kwa babu, ng'ombe ndiye anayefuata majani. Kwa bibi, majani ndiyo yaliyomfuata ng'ombe, na aliyeyabeba ni mimi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo. Mimi nilipewa panga kabla sijamaliza uji. Tuliamka ukungu ukiwa umekaa juu ya migomba, baridi ya kukufanya umchukie aliyekuamsha, nami nikaanza kukatakata vigogo vya migomba vipande vipande kwa ajili ya hori. Mgomba una maji mengi na utomvu wake hautoki kwenye nguo. Sketi yangu ya shule iliingia madoa meusi siku ya kwanza na yakabaki mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Baada ya hapo tuliteremka na kina mama wa jirani kukata majani, tukapanda na mizigo kichwani, wao wakipiga soga kwa Kichagga na kucheka, mimi nikihema. Mchana ilikuwa kuzoa samadi kwa karai na kuimwaga kwenye mashina ya kahawa.

Chakula sitakilalamikia. Mtori wa bibi, ule mchuzi wa ndizi na nyama, ulikuwa mzito, na maziwa ya mgando aliyoyatoa kwenye kibuyu yalikuwa na harufu ya moshi kidogo, tamu ya kukufanya ulambe kikombe. Lakini sikutumwa kule kula. Jioni, bibi alipovuta kigoda chake kidogo na kuinama kwenye kiwele, akiimba tenzi kwa sauti ya chini huku maziwa yakipiga ndoo, mimi nilitakiwa kusimama mlangoni.

"Bibi, naomba nijaribu."

"Ng'ombe ananijua mkono mimi. Wewe angalia kwanza."

Nikaangalia. Wiki ya kwanza nikaangalia, ya pili nikaangalia, ya tatu nikaangalia. Nilichokiona hasa ni mgongo wa bibi. Nikimwuliza kwa nini anamfunga ng'ombe huyu miguu na yule hamfungi, alijibu kwamba mtoto wa kike hujifunza kwa macho. Nikiuliza jina la ugonjwa fulani wa ng'ombe, aliniambia nilete maji. Kisanduku cha kukamua kilibaki cheupe, nami kila nilipokitazama nilihisi kulia. Kwa babu nilikuwa nimeshakamua, jamani. Nilimwambia hivyo. Alinitazama mikono akasema, "Huko kwenu ng'ombe ni wengi, hata ukimharibu mmoja hamjui."

Wiki ya nne tuliambiwa kwamba mwalimu atapita Ijumaa kukagua na kuchukua fomu. Alhamisi bibi alikwenda msibani na kina mama wa usharika, akaniachia maneno matatu: banda liwe safi. Nikasema, haya, leo ndiyo leo. Kama hanipi chuchu, nitamwonyesha kazi nyingine mpaka akose la kuandika isipokuwa sifa.

Nilisugua hori. Nilizoa samadi mpaka udongo ukaonekana. Yakabaki matandiko, maana majani makavu ya migomba yalikuwa yameloa kwa manyunyu ya usiku. Ndipo nilipoyatazama yale majani mapana, ya kijani, yaliyosimama kwa mstari kati ya kwa bibi na kwa jirani. Kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa miwa ua wa michongoma ulikatwa kila mwezi, na asiyekata alisemwa. Huu wa bibi ulikuwa umejiotea tu, mwingine mrefu, mwingine mfupi, mashina matatu yametoka kabisa nje ya mstari kuja upande wetu. Nikaona aibu kwa niaba yake.

Nikachukua panga, nikaupunguza wote ukawa usawa wa magoti. Yale mashina matatu yaliyopinda niliyang'oa, nikafunga kamba toka mwanzo mpaka mwisho kama tulivyofundishwa kupanda mahindi, nikayapanda upya yakanyooka na wenzake. Majani yote nikayatandika bandani. Bibi aliporudi jioni alikuwa amechoka, akachungulia banda gizagiza, akasema kunanukia vizuri. Nilifurahi hata nikakosa usingizi.

Asubuhi nilikuta mzee amesimama pale kwenye mstari, mikono nyuma. Alikuwa jirani, na pia shemeji yake bibi, mdogo wa marehemu mume wake. Katika wiki nne sikuwahi kuwaona wakisemezana. Nilimwamkia shikamoo hakuitika. Bibi alitoka na ndoo, akaona, akaiweka ndoo chini.

"Shemeji," mzee akasema, "kumbe umeamua tuanze tena?"

Hapo ndipo nilipoambiwa, baada ya wiki nne, kwamba yale ni masale. Kama wewe ni wa mlimani, unacheka. Mimi nilikuwa naona majani. Hakuna aliyeniambia kwamba masale ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, kwamba aliyapanda mzee wa ukoo baada ya mume wa bibi kufa, siku walipomaliza ugomvi mrefu wa nani achukue wapi, na kwamba yale mashina matatu yalipinda kwa sababu mpaka wenyewe ulipindia hapo. Kwa kuyanyoosha nilikuwa nimempa bibi kipande cha shamba la shemeji yake. Tena hakuna aliyeniambia kwamba jani hilohilo ndilo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha, na akilileta huwezi kumfukuza. Mzee alikuwa ameshachungulia bandani. Ng'ombe wanne walikuwa wamelala juu ya msamaha wa ukoo mzima, na walikuwa wameshaufanyia mambo yao.

Nilipiga magoti nikasema ni mimi, bibi hajui lolote, naomba nibebe hilo jani mwenyewe. Mzee hakunitazama kwa ubaya, kusema kweli. Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na ndama.

"Wewe hujui unachokiomba," akasema. "Panga limetoka nyumba ile. Msamaha utoke nyumba ile."

Akarudi kwake. Nilimgeukia bibi nikamwambia jambo ambalo mtoto hamwambii mtu mzima. "Kwa nini hukuniambia? Nimekuuliza mangapi hapa? Hata moja hukunijibu."

Nilitegemea kofi. Bibi alitazama ule mstari ulionyooka, midomo ikacheza kidogo. Kisha akaenda kwenye shina lililosalia na jani zima, akalichuma, akalifunga fundo. Alivaa kitenge kingine. Akazunguka kwa njia ya mbele, kwenye geti la shemeji yake, yeye ambaye kina mama wa kukata majani walisema hajakanyaga pale tangu matanga ya mumewe. Kutoka bandani nilimwona amesimama uani kwa watu, amelishika jani lile kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa. Mzee alichelewa kutoka. Alimchelewesha makusudi, nina hakika. Lakini alitoka, akalipokea.

Bibi aliporudi aliniambia nitoe yale majani bandani. Basi.

Mwalimu alifika saa tisa kwa pikipiki. Hakuingia bandani. Aliletewa maziwa, akanywa vikombe viwili, akasifu hali ya hewa, akamsogezea bibi fomu na kalamu. Bibi alisoma kisanduku kimojakimoja, kidole kikifuata mstari, kisha akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Mwalimu alipoona akacheka.

"Bibi, hapa wengine wanaandika tu amefanya vizuri. Inatosha."

"Mimi nimeandika."

"Sasa hii itamharibia mtoto. Nikuletee fomu nyingine?"

"Si umeniuliza maoni? Hayo ndiyo maoni."

Nilisoma nikichungulia juu ya bega la mwalimu. Bibi alikuwa ameandika: HAJAFUNDISHWA. KOSA NI LANGU.

Sikusikia sehemu ya pili. Naapa, niliiona kwa macho lakini haikuingia. Niliona HAJAFUNDISHWA, nikaona barua yangu ikiteremka Himo kwa pikipiki. Jioni ile bibi alivuta kigoda, akakifuta kwa upindo wa kitenge, akanisogezea. "Njoo ukae. Huyu mwekundu mpole." Ng'ombe alikuwa ameshaoshwa kiwele, anacheua, ndoo tupu chini yake.

Nilisema sitaki. Nikaingia ndani kufunga mfuko wangu. Kesho yake niliondoka kabla ya chai, sikuaga inavyotakiwa, na bibi alisimama mlangoni ameshika chupa ya maziwa ya kunifungia safari. Sikuipokea.

Barua alipewa msichana aliyemaliza wiki nne kwa mama yake mdogo, kule Shirimatunda, akitazama televisheni. Fomu yake ilikuwa na vizuri sana kila mahali, pamoja na kukamua. Alikwenda chuo. Simwonei wivu tena, au nasema hivyo. Mimi nilianza kwa kubeba maboksi kwenye duka la dawa za mifugo, nikajifunza majina ya dawa kwenye maandishi ya chupa, na leo wafugaji wananiita daktari, jambo linaloniudhi kila siku.

Mwaka juzi nilipanda kule na pikipiki kumpelekea mteja mzigo, nikapita kwa bibi. Ameshafariki. Banda hakuna, pamejengwa vyumba vya kupanga, na migomba iliyobaki unaihesabu. Kati ya shamba lake na la shemeji umesimama ukuta wa matofali wenye vioo juu, umenyooka kweli kweli. Kijana aliyenifungulia geti, mjukuu nadhani, aliniuliza kama nina shida na mtu. Nikamwambia nimepotea.

Nilimkasirikia mwanamke yule miaka mingi kwa kuandika ukweli siku ambayo uongo mdogo tu ungenivusha. Kasirika pamoja nami ukitaka. Lakini nimeshapokea sahihi nyingi tangu siku ile, za walimu, za mabwana afya, za wenye maduka, na sijakutana na mtu mzima mwingine aliyelichukua kosa langu akaliandika kwa jina lake, mara moja kwa jani na mara ya pili kwa kalamu, siku moja hiyohiyo. Ningekuwa na akili ningekaa kwenye kigoda kile. Ningekamua hata kikombe kimoja, mbaya mbaya hivyohivyo, yeye akinikosoa. Hilo ndilo linaloniuma. Ila nisikudanganye, rafiki yangu: ile barua bado naitaka.